Hendeli ya Pili

Mtambile, Pemba
Jumatatu, 31 Oktoba 1960

Kwa Bi Zuweina binti Marhoun, Malindi, Unguja.

Assalaam alaykum. Nakuombea afya wewe na Bwana Sleiman na kila aliyemo nyumbani kwenu. Huku sote wazima, isipokuwa mama, ambaye hali yake ni ileile uliyoiona, na mgongo wangu, ambao umekataa kuzeeka pamoja na mie na umetangulia peke yake. Karafuu zimeanikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na mvua inazipigia hodi kila alasiri.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Yule mtu tuliyemgonga juzi Jumamosi jioni, nilipokuwa nakukimbiza Mkoani kuwahi meli, hakufa. Najua umekaa siku mbili hujui. Ni Mwalim Nyange, yule wa skuli, aliyekuwa akirudi kwa baskeli. Amevunjika paja na amelazwa. Lile lori la karafuu lililotokea nyuma yetu ndilo lililompeleka hospitali.

Nimekwenda kumtazama. Hakunifukuza. Aliniambia, "Ahmada, mie niliona taa moja, nikajua ni baskeli mwenzangu. Baskeli na baskeli haziombani njia. Nikaja katikati kukwepa madimbwi. Kumbe nyuma ya ile taa mna gari nzima!"

Wewe gari unaijua, lakini siku hizi nalazimika kuieleza kila siku kwa kila mtu, na ulimi umeshazoea. Marehemu baba yako alipoileta mwaka wa thelathini na nane, watu walikimbia. Gari ya Kimarekani isiyo na macho! Mchana macho yake yamelala ndani ya madigadi, huoni hata alama. Usiku yanafufuka kwa hendeli mbili: moja mbele ya dereva, upande wa kushoto, inafungua jicho la kushoto, ya pili iko kule mbele ya abiria, inafungua la kulia. Dereva hafiki kule ila asimamishe gari ahamie kiti. Sheikh Marhoun, Mungu amrehemu, akikaa mbele na mie na akizungusha ya kwake mwenyewe. Akisema, "Wamarekani wamenifanya utingo wa Ahmada."

Jumamosi ile kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Wewe unajua kwa nini.

Polisi nimewaambia nilikuwa peke yangu. Jina lako halikutoka kinywani mwangu, na wewe usihangaike.

Nduguyo wa ziwa moja,
Ahmada Silima


Malindi, Unguja
7 Novemba 1960

Kwa Ahmada Silima.

Waalaykum salaam. Barua imefika. Sisi wazima. Mpe pole mama Mwanakhamis, nami namuombea shifaa Mwalim Nyange.

Umefanya vyema kusema ulikuwa peke yako, na hivyo ndivyo ibakie. Bwana Sleiman anavyojua yeye, siku ile nilishinda Chake kwa shangazi Tamima na mtu wake ndiye aliyenifikisha Mkoani. Habari ya kuja Mtambile kumtazama mama yako sikumwambia. Siku hizi za siasa kila jambo linageuzwa, na mke wa Sleiman hatajwi kortini.

Tena usiandike "nduguyo" kwenye barua. Barua za nyumba hii hupokelewa na wengi.

Zuweina binti Marhoun

Ni mguu gani uliovunjika, wa kulia au wa kushoto? Nauliza tu.


Mtambile, Pemba
20 Novemba 1960

Kwa Bi Zuweina binti Marhoun.

Baada ya salamu za kheri na kukutakia siha njema. Mguu ni wa kulia. Upande wa jicho lililolala.

Nilidhani kesi hii itakuwa ya gari. Nimekuta ni ya watu. Mwalim Nyange ni wa chama kile, na mie, kama ujuavyo, kadi yangu ni ya hichi, ingawa sijawahi kwenda mkutano wowote isipokuwa nimelipwa kupeleka watu. Uchaguzi ni Januari. Basi barza ya kule wanasema Ahmada alifumba jicho makusudi ampate Nyange. Barza ya kwetu nao, badala ya kunitetea, wananipongeza! Jana mtu mzima kanishika mkono: "Umeturahisishia kura moja." Nikamwambia, "Bwana wee, mie hata kuku nikimchinja nafumba macho." Akacheka, akidhani nafanya siri. Wanaonisema ubaya siwaogopi kama wanaonisifu.

Kweli inanifunga. Askari wawili walikuja kukagua gari. Mmoja akakaa kwangu, mmoja akakaa kule, huyu akazungusha na huyu akazungusha, yakatoka macho mawili, yanang'ara kama siku ya harusi. Wakaandika: taa zote nzima. Kisha inspekta akaniuliza, "Ukiwa peke yako kila siku hufanyaje?" Nikamwambia husimama, huhamia kule, hufungua, hurudi. "Na siku ile ulikuwa peke yako?" Ndiyo. "Mbona hukusimama?" Akauliza tena: "Umemgonga mtu saa kumi na mbili na nusu. Umefika kituoni saa moja na robo, na kituo hakifiki maili mbili. Ulikuwa wapi?"

Ningemjibu nini, Bi Zuweina? Kwamba nilikuwa bandarini nampandisha mtu mashuani?

Wamegeuza mashitaka. Si uzembe tena. Wanasema nimekusudia, na kukusudia ni miaka. Gari yako, kwa maana sasa ni yako wewe na wala si ya marehemu, imefungwa mnyororo uani mwa polisi. Mwatum mke wangu amekonda. Mie sikukonda, hilo tumbo ndilo linalowafanya watu waseme sina majuto.

Mama anakuulizia. Jana akanitazama sana, akasema, "Zuweina alikaa wapi garini?" Nikamwambia mbele. Akatabasamu. Akasema, "Ndiyo. Yule ziwa la kulia, wewe la kushoto. Mlikuwa mkipigana mateke juu ya mapaja yangu."

Nimemdanganya mgonjwa, nimewadanganya polisi. Sasa imebaki kujidanganya mwenyewe, na huko nimeshaanza.

Nisiandike lile neno mwishoni, kama ulivyotaka.

Ahmada, dereva wenu


Mtambile, Pemba
11 Disemba 1960

Kwa Bi Zuweina.

Salaam alaykum. Wiki tatu sikupata neno lako, na mie sikuandika kwa sababu mkono haukunyanyuka. Natumai mu wazima.

Mama amefariki Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri. Tumemzika siku ileile. Kaburini walikuja watu wa barza zote mbili, wakasimama huku na huku ya shimo kama wanaovutana kamba, na mie katikati. Wakati wa kutia mchanga mtu mmoja wa kule alinipa jembe. Nilipolipokea sikuweza kumtazama.

Kesi imepangwa Jumatatu tarehe tisa Januari, Chake. Nimebaki na kitu kimoja sikukwambia, na kwa kuwa mama hayupo wa kumficha, nakiandika.

Wewe unadhani nakusitiri. Ni kweli, lakini nusu. Unakumbuka tulipotoka Mtambile, wingu limefunga, nikafungua jicho langu, nikakwambia, "Bi Zuweina, njoo mbele unizungushie la kulia." Ukanijibu neno moja kutoka nyuma ya pazia: "Watu." Tulipofika kwenye miembe nikakwambia tena: "Njoo, dada, giza linaingia. Mie na wewe hatuna haramu." Ukasema, "Watu, Ahmada. Wataniona nimekaa ubavuni mwa dereva. Simama uzungushe mwenyewe."

Ningesimama. Ni dakika moja, nimeifanya mara elfu. Lakini lile neno dereva lilinichoma. Miaka arubaini na saba nimekubali kuwa ndugu yako ndani ya nyumba na dereva wako nje ya mlango, nami nafanya masihara, nacheka, nafungua mlango. Siku ile nikanuna. Mtu mzima, mvi kichwani, nikanuna kama mtoto aliyenyimwa kashata! Nikasema moyoni, akilitaka jicho atakuja alifungue. Sikusimama. Na kila hatua niliyokwenda nilikuwa naona raha fulani ya kuumwa.

Basi Mwalim Nyange alivunjwa mguu na kununa kwangu. Hilo nitamwambia hakimu, na nitasema nilikuwa peke yangu na nilifanya uvivu. Wewe kaa kwenu. Mama keshajua ulikaa mbele, na kwake itabaki hivyo.

Ahmada


Malindi, Unguja
31 Disemba 1960

Kwa kaka yangu Ahmada Silima.

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako ya msiba nimeipata jana tu. Ilifika siku nyingi, imewekwa juu ya kabati la Bwana Sleiman, imefunguliwa.

Kwa hiyo anajua. Ameniuliza jambo moja: "Huyu dereva anakwita dada?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikasema tangu nilipokuwa na siku tatu, mama yangu alipokauka maziwa. Miaka ishirini na tano nimeolewa sikupata kumwambia. Wala marehemu baba hakumficha. Ni mie niliyeacha lilale. Akasema ziwa la mtumishi haliingizwi kwenye nasaba. Nikamwambia sheria haikuandikwa hivyo, aulize kwa kadhi. Hakuuliza.

Sikupata kumlilia mama kwa sauti. Nimemlilia ndani ya mto.

Wewe umeandika la kwako, nami niandike la kwangu. Ulininyooshea njia mara mbili. Na tulipomgonga yule mtu, gari iliposimama, ukaniuliza, "Tufanyeje?" Mimi ndiye niliyesema, "Meli, Ahmada, meli." Nilimsikia akilia kule shimoni kando ya barabara, nikasema meli. Hiyo robo tatu ya saa wanayoitafuta polisi ninayo mimi. Kutoka siku ile nikifumba macho naona ile taa moja inakwenda mbele, na upande wangu kiza.

Nakuja na meli ya Jumamosi tarehe saba. Bwana Sleiman ameniambia nikitoka nisigonge tena mlango wake. Huenda akapoa, huenda asipoe.

Siku ya kesi watalazimika kuileta gari kortini. Mwambie atakayeileta asiniwekee pazia.

Dada yako,
Zuweina


Jela, Pemba
22 Januari 1961

Kwa dada yangu Zuweina, Mtambile, kwa mkono wa Mwatum.

Salamu kutoka kwa mgeni wa serikali. Mie mzima. Chakula ni ugali na maharage, na ule mgongo niliokuwa nikiulalamikia umepona kwa kulala sakafuni. Kumbe godoro ndilo lililokuwa likinidhulumu. Wewe hujambo? Usiku unalala? Mwatum hakuoneshi ukali wake?

Nimepewa kalamu leo kwa mara ya mwanzo, na sina wa kumwandikia ila mtu aliyekuwepo. Lakini ya kabla hujafika hukuyaona, na ulipokaa mule garini hukuona ya nje, basi nikusimulie.

Ulipokuwa bado hujatoka kwa shangazi Tamima, uwanja wa korti ulikwishajaa. Kura ilibaki wiki moja, na kila mtu kaja na bakora, hata wale wasiokuwa vilema. Wa kule upande wa ukuta, wa kwetu upande wa barabara. Mwalim Nyange kaletwa kwa machela. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema polepole, "Akiachiwa, hafiki Mtambile." Na mwingine wa kwetu akajibu, "Akifungwa, hamfiki nyinyi." Pale nilijua kwamba hukumu yoyote itakayotoka itamwaga damu, na mie ndiye niliyeshika kisu bila ya kujua nimekishikaje.

Mwendesha mashitaka akasema: taa nzima, mtu peke yake, adui wa siasa, kisha kakimbia. Hakimu Mzungu akaniuliza nina la kusema. Nikasema nilifanya uvivu. Hata mie sikujiamini.

Ndipo ukaingia. Karani Matano, aliyekuwa akitafsiri, alikwambia wanawake wakae nje. Ukamwambia, "Nje ndiko ninakotaka. Twendeni nje sote, mkaitazame gari."

Wallahi, dada, sijapata kuona korti nzima ikitolewa na buibui moja.

Ulifungua mlango wa mbele mwenyewe. Ukakaa. Ukasema, "Ahmada, kaa kwako." Askari akaniachia. Nikakaa. Hendeli ikanikwepa mkononi mara ya mwanzo. Nikazungusha ya kwangu, jicho la kushoto likatoka. Hakimu akainama kutazama. Kisha ukazungusha ya kwako, polepole, inalia kwa kutu, na jicho la kulia likainuka mbele ya umati ule. Mtu mmoja akasema "Mashaallah" bila ya kutaka.

Hakimu akakuuliza: kutoka kiti cha nyuma mtu anaweza kuifikia hendeli hii? Ukasema hafiki. Siku ile ulikaa wapi? Nyuma. Kwa nini? Na wewe ukanyanyua ukaya usoni, ukasema mpaka wa ukutani wakasikia:

"Kwa sababu nilimwonea haya ndugu yangu."

"Ndugu kwa baba?"

"Kwa ziwa. Mama yake alininyonyesha mwaka na nusu. Nikakaa nyuma kama mgeni, nikamnyima mkono wangu. Na mtu alipoanguka, mimi ndiye niliyemwambia twende tuwahi meli. Yeye kasema uongo kunificha."

Masikini Matano, kulitafsiri ziwa kwa Kizungu kulimtoa jasho. Alisema maneno mengi sana. Hakimu akaandika ukurasa mzima.

Nami sikuweza kukuacha uubebe peke yako. Nikasema: ningeweza kusimama, sikusimama, nilinuna. Sauti iliyofuata ilitoka kwenye machela. Mwalim Nyange kanyanyuka kwa kiwiko: "Subhanallah! Miezi miwili na nusu watu wanataka kuuana kwa mguu wangu, wanasema ni siasa. Kumbe mguu wangu umevunjwa na haya ya huyu na kununa kwa yule! Haya, nendeni majumbani. Nyumba gani haina hayo?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wa pili. Hawakupatana, usidhani. Lakini bakora haiinuki vizuri mtu akishacheka.

Kukusudia kumefutwa. Kwa uzembe, kwa kumwacha majeruhi na kwa kuwadanganya polisi, miezi miwili jela, na leseni imezuiwa miaka miwili. Ni haki. Nilipokuwa napelekwa nikageuka, nikakuona bado umekaa kiti cha mbele, kiti changu kitupu, macho yote mawili ya gari wazi mchana kweupe.

Bwana Sleiman ameandika? Huna haja ya kunijibu hilo kama linauma.

Natoka Alkhamisi tarehe tisa Machi, ndani ya Ramadhani. Sijui nitapitaje pale barzani, dada. Kufungwa naona kwepesi. Nafikiri nitashuka kabla ya kufika mjini, nipite njia ya mashambani, niingie kwa uani.

Kaka yako,
Ahmada


Mtambile, Pemba
4 Machi 1961

Kwa kaka yangu Ahmada.

Waalaykum salaam, na funga njema. Sisi wazima. Mwatum ananionesha ukali wake wote, tena bila ya kubakisha. Anasema sijui kukuna nazi, na ni kweli. Nalala kitanda cha mama.

Bwana Sleiman ameandika mara moja. Ameleta sanduku langu la nguo na ndani yake mistari miwili. Mistari hiyo ni yangu, niachie.

Mwalim Nyange anatembea kwa magongo mawili. Mguu utabaki mfupi. Nilikwenda kumtaka radhi nikiwa na Mwatum. Akasema radhi katoa, lakini baskeli yake ilipinda, na hiyo haijui kusamehe. Nimempelekea nyingine.

Gari wameirudisha, iko bandani. Kila magharibi, baada ya kufuturu, mie na Mwatum tunaingia tukazungusha hendeli zisigande, yeye ya kushoto na mie ya kulia. Jicho lake linatoka mwanzo kila siku, anajisifu mno. Wapita njia wamezoea.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeisoma, na hiyo habari ya njia ya mashambani na kuingia kwa uani sikuipenda. Alkhamisi tunakuja kukuchukua mlangoni mwa jela. Ataendesha Hamad, yule wa lori la karafuu, leseni anayo. Mie nitakaa mbele kwenye hendeli yangu. Tutatoka huko alasiri, na tutapita barza ya kule na barza ya kwetu, moja baada ya moja, polepole, magharibi inaingia, macho yote mawili wazi.

Wewe utakaa nyuma. Pazia nimelitoa, Mwatum ameshonea mito. Kaa katikati ya kiti, kaka, si pembeni.

Watu wakuone.

Dada yako,
Zuweina